Arobaini za Elfu wa Mjini

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Rafiki yangu wa Tabata alikuwa amemaliza kupakia mchezo wa Dragon Age: Origins kwenye kompyuta yake, akafika pale pa kuunda mhusika, akakwama. Akaandika: "Kaka, nianze na chimbuko gani?"

Mchezo huu ulitoka 2009, na utamu wake uko hapo hapo kwenye swali hilo. Hauanzi mahali pamoja. Una machimbuko sita, na kila moja ni hadithi kamili ya saa moja au mbili kabla Duncan, kamanda wa kikosi cha wapiganaji kinachoitwa Grey Wardens, hajaja kukuchukua ujiunge nao. Baada ya hapo wote mnakutana Ostagar, ngome ya vita, na njia inakuwa moja. Ukishachagua, umechagua. Ukijuta unafuta mtu wako na kuanza upya. Kwa hiyo mtu akiniuliza nianze na nani, simjibu kwa neno moja, namwandikia waraka.

Nikaandika waraka. Katikati yake umeme ukakatika, Wi-Fi ikafa nayo. Nikanakili maandishi yangu yasipotee, nikaunga bando, nikafungua WhatsApp upya, nikabandika kwenye kundi la juu kabisa na kutuma.

Juu kabisa, Jumapili saa mbili usiku, kwa kawaida ni kundi letu la michezo, watu watano, picha yake ngao. Ila usiku ule mtu alikuwa ameuliza bei ya mapambo, na kundi lililopanda juu lilikuwa Kamati ya Harusi ya binamu yangu, watu sitini na tatu, picha yake pete. Kwenye kamati hiyo mimi ndiye mweka hazina. Bajeti milioni 40. Zilizoingia mpaka siku hiyo, milioni 11 na vichenji.

Waraka ulisomeka hivi:

"Sikiliza. Binadamu wa ukoo mkubwa ana raha zake, ndiye peke yake anayeweza kufunga ndoa mpaka ikulu, na anapewa mbwa mapema. Ila wewe anza na elfu wa mjini. Elfu anaongezewa mbili za uchawi na mbili za utashi. Mbilikimo uchawi hana kabisa, lakini hata ukimroga, mara moja katika kumi haimwingii. Sasa siku ya harusi mtoto wa mkubwa atakuja na walinzi, atawabeba mabibi harusi. Binamu atakwambia twende tukawatoe. Mkifika jikoni tafuta sumu ya panya, wawekee walinzi kwenye kinywaji. Ukimkuta jamaa chumbani atakuahidi arobaini umwachie. Mimi nilichukua. Binamu alinuna, lakini arobaini ni arobaini. Muhimu F5 kabla hujaingia, wasikushtukize."

Someni tena mkiwa mmevaa kichwa cha shangazi yangu, mama mzazi wa bwana harusi.

Wa kwanza kujibu alikuwa yeye: "Nani kabebwa?"

Wa pili Mwenyekiti: "Mweka hazina pokea simu."

Wa tatu mjomba, ambaye hajawahi kuandika neno kwenye kundi lile zaidi ya "Amina": "Siku za mwizi ni ngapi?"

Wa nne bwana harusi mwenyewe: "Mimi nimenuna lini?"

Nilipoelewa nilichofanya, vidole viligeuka mbao. Nikabana ujumbe, nikaona kikapu cha taka, nikagusa cha kwanza nilichokiona. Kilikuwa "futa kwangu". Ukweli wa "futa kwangu" ni kwamba inafuta kwako. Watu sitini na wawili wakabaki na waraka mkononi, na mimi niliyeuandika ndiye pekee niliyekuwa sina nakala. Kuanzia hapo kila nilipojitetea ilibidi nimwombe mtu anisomee nilisema nini.

Shida ya kwanza ilikuwa neno elfu. Sisi wachezaji tumezoea, elfu ni yule mtu mwembamba mwenye masikio yaliyochongoka. Kamati ya harusi ya Dar haina elfu ya namna hiyo. Mwenyekiti alisoma "elfu wa mjini" akadhani ni michango ya ndugu wa mjini, ile ya elfu elfu, kwamba nimeitenga kando. Hapo pa "anaongezewa mbili" akadhani ni riba.

Katibu ndiye aliyenimaliza. Jedwali la bajeti nililitengeneza mwenyewe kwenye Excel, na yeye analo. Alifungua akaenda safu ya F, mstari wa 5. Malipo ya awali ya ukumbi. Akaandika kundini, kwa utulivu wa mtu wa mahakama: "F5 ni ukumbi. Anasema tuingie F5 kabla hawajashtuka. Nani hawajashtuka?"

F5, kwa faida ya wasiojua, ni kitufe cha kuhifadhi haraka. Kina tabia moja mbaya. Kila ukikibonyeza kinafuta hifadhi ya haraka iliyotangulia, kwa hiyo ukibonyeza wakati umeshazungukwa na maadui, ukiita F9, kitufe cha kurudi kwenye hifadhi hiyo, utarudi pale pale kwenye kuzungukwa. Ndiyo maana nashauri watu wahifadhi na ile ya kawaida kwenye menyu, hasa mwisho wa chimbuko. Maelezo haya niliyatoa kwa simu kwa Mwenyekiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kikao saa tatu. Njoo na taarifa ya benki."

Vikao vyetu hukaa kwenye bustani moja Sinza, meza za plastiki, mishikaki, taa za rangi. Nilifika kwa bodaboda nikiwa na taarifa ya benki kwenye simu na kompyuta kwenye begi. Taarifa ilionyesha milioni 11 zipo zote. Nikadhani yameisha.

"Kumi na moja tunazijua," mjomba akasema. "Tunauliza zile arobaini."

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, nikasema: nitawaonyesha.

Kuonyesha si jambo la dakika mbili. Hifadhi zangu zote zilikuwa zimeshavuka Ostagar, kwa hiyo ilibidi niunde mtu mpya mbele ya wajumbe kumi na saba waliofika. Betri ilikuwa nusu. Mhudumu akatuletea waya wa kuunganishia kutoka kaunta, ukapita chini ya viti vitatu, na kila mtu aliyekwenda msalani alituchomolea.

Kwanza unachagua asili ya mwili: binadamu, elfu, mbilikimo. Nikabonyeza elfu, akatokea na masikio yake. Bustani ikanyamaza.

"Huyu ndiye elfu?" Mwenyekiti akauliza.

"Ndiye, Mwenyekiti."

Akageukia Katibu. "Andika."

Pili unachagua kazi. Ziko tatu. Mchawi, na ukimchagua huyo, uwe binadamu au elfu, chimbuko lako ni moja tu, mnara wa wachawi. Mpiganaji. Na yule wa tatu, mjanja, ambaye kusema kweli ndiye bora kwa elfu wa mjini: yeye peke yake anafungua makufuli ya masanduku, na anapata ujuzi mpya kila ngazi mbili wakati wenzake wanasubiri tatu. Lakini mimi ni mweka hazina niliyeshitakiwa. Siwezi kukaa mbele ya kamati nikachagua mfungua masanduku. Nikabonyeza mpiganaji, tena kwa sauti.

Tatu, alama tano za kugawa. Elfu mpiganaji anaanza na nguvu 14, wepesi 13, uimara 13, utashi 12, uchawi 12, ujanja 10. Mimi humpa tatu za nguvu, kwa sababu deraya nzito zinadai nguvu na ukipungukiwa hazivaliki, na mbili za ujanja, kwa sababu kushawishi watu kwa maneno kunategemea ujanja. Ningemaliza kwa sekunde kumi. Ila nilitamka neno "kugawa" mbele ya kamati ya harusi. Mjumbe wa mapambo akataka wepesi uongezwe. Mjumbe wa usafiri akasema uchawi 12 ni nyingi, zipunguzwe. Nikaeleza kwamba za mwanzo hazipunguzwi, unaongeza tu. Akauliza nani aliyeidhinisha za mwanzo. Dakika kumi na tano zilikwenda hapo, na mishikaki ya awamu ya pili.

Tukaanza. Unaamshwa na binamu yako wa kike, Shianni: amka, leo ni harusi yako. Kisha unakutana na binamu yako wa kiume, Soris, naye anaoa siku hiyo hiyo. Bwana harusi wetu, aliyekuwa amekaa nyuma amekunja mikono, akasogeza kiti mbele kidogo.

Halafu akaingia Vaughan, mtoto wa mtawala wa mji, na wenzake wawili, wakaanza kusumbua wasichana. Shianni akampasulia chupa kichwani. Shangazi alipiga meza mpaka soda ikamwagika. "Safi! Huyo ndiye mtoto wa nyumbani!" Tangu hapo nilikuwa na mtu mmoja upande wangu.

Vaughan anarudi na walinzi katikati ya harusi, anawabeba mabibi harusi, kama nilivyoandika. Duncan, ambaye amekuja mtaani kutafuta askari, anawaazima silaha. Mnaingia kwenye jumba kwa kupitia jikoni, na hapo nilipaswa kuwa mwangalifu kwa sababu mtu wa ngazi ya kwanza akivamia meza ya walinzi ana kwa ana anakufa. Nilikufa. Nilikufa mara mbili. Mara ya tatu nikachukua sumu ya panya na kuielekeza kwenye kinywaji chao, na mjumbe wa vinywaji akasimama kabisa.

"Mimi hili sitalinyamazia. Vinywaji viko chini yangu."

Ilibidi tumwonyeshe kwamba kinywaji hicho hakikutoka kwenye stoo yake.

Saa tano kasoro robo tukafika chumbani. Nikabonyeza F5 na kumtazama Katibu usoni. Mlango ukafunguka, Vaughan akaanza kubembeleza: sarafu arobaini za dhahabu, uondoke, wanawake uwaache. Majibu yakatokea chini ya skrini, la kukubali na la kukataa. Nikaondoa mkono kwenye kipanya.

"Hizi ndizo arobaini," nikasema. "Sasa kamati iamue. Mimi nisije nikaambiwa nimeamua peke yangu."

Kwa mtu anayecheza sawasawa hapa hakuna cha kufikiri. Unakataa, unapigana, na kidonda cha chimbuko hili kinakuwa na maana yake, maana mtaa ule wa maelfu hutaukanyaga tena mpaka mchezo unaelekea ukingoni, na ukirudi Shianni bado yupo na anakumbuka ulichofanya. Kuchukua pesa ni jambo nililolifanya siku moja kwa udadisi tu, nione wanasema nini. Nilitaka kuwaeleza hayo.

"Arobaini taslimu?" Mjomba akauliza.

"Taslimu."

"Na sisi tuna ngapi?"

"Kumi na moja."

"Pokea."

Kura zilikuwa kumi na nne kwa mbili. Waliokataa ni Shangazi na bwana harusi. Mwenyekiti hakupiga kura, alisema kiti hakina upande, lakini mkono wake ndio ulionisukumia kipanya. Nikabonyeza kukubali. Soris akanuna, kama nilivyoandika. Bwana harusi aliitazama skrini, akawatazama wajomba zake mmoja mmoja, akasema taratibu, "Kwa hiyo ningekuwa mimi, bibi harusi angebaki huko." Hakuna aliyemjibu. Mtu akachomoa waya akienda msalani.

Nilirudishiwa hazina usiku ule ule, ila kwa sharti kwamba kundi la michezo nilitoe kwenye simu hiyo. Rafiki yangu wa Tabata hakupata jibu lake mpaka Jumatatu, na alikuwa ameshachagua binadamu wa ukoo mkubwa kwa ajili ya mbwa. Mbwa mwenyewe angempata tu, maana wa machimbuko mengine wanampata kwa kumtibu pale Ostagar kwa ua la porini.

Kikao kilichofuata Katibu alisoma muhtasari, na kwenye yatokanayo kulikuwa na kipengele cha nne: "Mweka hazina alifafanua kwamba elfu si fedha, na kwamba ndugu Vaughan si mwanakamati."

Mjomba akanyoosha mkono.

"Si mwanakamati, sawa. Lakini arobaini anazo?"

"Anazo," nikasema.

"Aandikiwe kadi ya mchango," akasema Mwenyekiti. "Dabo."