Uso wa udongo huita ndugu, jibu hutoka kwingine

Desemba 1989 mjini Cardiff, Wales, mafundi waliokuwa wakichimba bustani ya nyumba moja walikuta zulia lililoviringishwa limefukiwa ardhini. Ndani mlikuwa na mifupa ya mtu. Jina halikuwepo, wala polisi hawakuwa na taarifa ya mtu aliyepotea inayolingana nayo. Fuvu likapelekwa kwa Richard Neave wa Chuo Kikuu cha Manchester, bingwa wa michoro ya kitabibu. Neave akatengeneza nakala ya fuvu, akaivika udongo, na picha za kichwa kile zikatangazwa. Hazikupita siku nyingi, ofisa wa ustawi wa jamii akamtambua: msichana wa miaka 15, aliyetoweka mwaka 1981. Hapo ndipo meno yakalinganishwa na kumbukumbu za daktari, na vinasaba vilivyotolewa kwenye mfupa vikalinganishwa na vya wazazi wake. Ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza duniani vinasaba vya mfupa kutumika hivyo katika kesi ya jinai. Mwaka 1991 watu wawili wakatiwa hatiani.

Miaka miwili kabla ya zulia lile, tarehe 18 Novemba 1987, moto ulizuka katika stesheni ya treni za chini ya ardhi ya King's Cross, London. Watu 31 walipoteza maisha. Thelathini walipata majina yao. Mmoja, mwanamume, hakupatiwa ndugu. Neave huyo huyo alimtengenezea uso, ukaoneshwa kwa watu, na hakuna aliyeitika. Marehemu yule alikaa bila jina kwa miaka 16. Alipotambuliwa mwaka 2004, ilikuwa kwa meno na kwa kibanio kidogo cha chuma ambacho madaktari wa upasuaji wa ubongo walikiacha kichwani mwake akiwa hai. Kumbe alikuwa mzee wa miaka 72. Wachunguzi walikuwa wamemkadiria kati ya 40 na 60, kwa hiyo taarifa za mzee aliyepotea ziliwekwa kando.

Kazi ni ya mikono ile ile, mbinu ni ile ile. Kila ninapowasikia watu wakibishana kuhusu kujenga upya sura za wafu wasiojulikana, wengine wakiiita muujiza wa sayansi na wengine wakiiita ramli iliyovaa koti jeupe, mawazo yangu hurudi kwenye vichwa hivi viwili vya udongo. Kila upande una kichwa chake cha kuonesha. Ninavyoona mimi, uso uliojengwa upya ni tangazo. Unamwita ndugu aje. Ubaya huanza pale unapochukuliwa kuwa ndio utambuzi wenyewe, au pale unapotangazwa na watu wasio na chochote cha kumpa huyo ndugu akishafika.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Mtengenezaji huweka fuvu kwenye kigingi, taya likiwa limefungwa mahali pake. Kisha hukata vijiti vidogo, kimoja kimoja kwa urefu wake, na kuvigandisha kwenye vituo maalumu: katikati ya paji la uso, ncha ya kidevu, mfupa wa shavu, kona ya taya. Kila kijiti kinaonesha unene wa nyama mahali hapo. Pajini kijiti ni kifupi sana. Shavuni ni kirefu. Wenye kufuata mtindo wa Manchester hujenga kwanza misuli, utepe mmoja baada ya mwingine: ule wa kutafunia, ule unaozunguka jicho, ule unaozunguka mdomo. Ngozi ya udongo huja mwisho. Upana wa pua hukadiriwa kutokana na tundu la pua kwenye mfupa, na upana wa mdomo hukadiriwa kutokana na meno.

Hadi hapo mfupa unasema. Baada ya hapo unanyamaza. Hauoneshi unene wa midomo sawasawa, hauna habari ya masikio, haujui kama marehemu alisuka au alinyoa, alinenepa au alikonda, alikuwa na mwanya wa kuchekea au uso wa kununa. Na mtu anayemtafuta ndugu yake anakumbuka hasa vitu hivyo.

Halafu kuna swali la vipimo vyenyewe. Urefu wa vijiti hutoka kwenye majedwali, na majedwali yana asili yake. Mwaka 1895 Wilhelm His, daktari wa anatomia mjini Leipzig, alichoma sindano nyusoni mwa maiti wachache wa Kijerumani na kupima unene wa nyama, kisha mchongaji Carl Seffner akatumia vipimo hivyo juu ya fuvu lililodhaniwa kuwa la mtunzi Bach. Hiyo ni miongoni mwa kazi za kwanza za aina hii. Vipimo vya Wamarekani weusi vilichapishwa mwaka 1980, na baadaye Afrika Kusini ikapima watu wake. Sasa chukua fuvu lililookotwa pwani ya Kilwa au kando ya barabara ya Wajir. Ukimwekea marehemu huyo vipimo vya mtu mweusi wa Marekani, umeamua kwamba Mmakonde, Msomali na Mmarekani wana shavu moja. Sisi wenyewe tukipanda daladala moja tunajua kwamba sivyo. Wakosoaji wanaposema nyuso hizi hubeba dhana za mtengenezaji kuhusu kabila na rangi, wana haki ya kusikilizwa.

Lakini wanaoitetea nao wana hoja ambayo sijaona ikijibiwa vizuri. Vinasaba, pamoja na sifa zote tunazovipa, havimtaji mtu jina. Vinahitaji ndugu wa kulinganishwa naye. Alama za vidole zinahitaji kidole ambacho bado kina ngozi na mtu ambaye alama zake zilishachukuliwa, na mtoto asiyefikia umri wa kitambulisho hayumo humo. Meno yanahitaji daktari aliyeyatibu na kutunza faili. Wangapi kwetu wana faili la meno? Kwa hiyo kuna marehemu ambao maabara zote za dunia hazitawasaidia mpaka mtu fulani, mahali fulani, ashtuke na kusema: huyu si yule wetu? Na huyo mtu huenda hajui kabisa kwamba anatakiwa kushtuka. Anaamini kijana wake yuko Muscat kikazi na amekosa simu tu. Uso unaweza kumfikia mtu kama huyo. Barua ya maabara haiwezi, kwa sababu hakuna anayejua pa kuipeleka.

Shakahola imetufundisha hili kwa uchungu. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, wanaodaiwa kuagizwa wafunge kula hadi kufa, ilifukuliwa katika msitu ule wa kaunti ya Kilifi, Kenya, mingi ikiwa imeharibika kiasi cha kutotambulika kwa macho. Sampuli zilichukuliwa, familia zikaombwa zije kutoa za kwao, mate tu kwa kijiti chenye pamba. Miili ya kwanza ilikabidhiwa familia Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, na ilikuwa michache. Palepale unaona pande zote mbili za mjadala. Walikuwapo wafu ambao ndugu zao hawakujitokeza, na nyumba nyingine ziliingia msituni baba, mama na watoto, kwa hiyo wa kutoa sampuli ni jamaa wa mbali. Kwa hao uso ungeweza kuwa mwito. Ila hebu fikiria nyuso zile zingetangazwa, nyingi zikiwa za watoto, ambao mafuvu yao ndiyo magumu zaidi kuyajengea sura. Uso uliojengwa kwa vipimo vya wastani hufanana kidogo na watu wengi. Akina mama kumi wangekuja kwa uso mmoja, kila mmoja na hakika yake moyoni, kisha wakaambiwa warudi nyumbani wasubiri miezi kumi.

Hicho ndicho kinachonifanya niwe mgumu kwenye jambo hili. Kumwonesha mzazi uso wa udongo wakati maabara haina kemikali wala ratiba ya kumjibu ni kumwongezea msiba. Heri kukaa kimya mpaka jibu liwe tayari.

Mfano wa kazi iliyofanywa vizuri ni kampeni ya Interpol iliyoanza Mei 2023, pamoja na polisi wa Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Walitangaza wanawake 22 waliouawa miaka mingi iliyopita bila kujulikana. Nyuso zilizojengwa upya zilikuwemo, lakini ziliwekwa pamoja na pete, nguo na michoro ya mwilini. Kabla ya mwaka ule kwisha, wa kwanza akapata jina: mwanamke wa Wales aliyeuawa Antwerp mwaka 1992. Nduguye aliona habari ile na kulitambua ua jeusi lililochorwa mkononi mwa marehemu. Uso ulisaidia watu wasimame na kutazama. Ua ndilo lililojibu.

Nalielewa hilo kwa sababu nililiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu mochwari, kumtafuta mwanawe aliyegongwa na lori usiku. Mhudumu alitupitisha polepole, akifunua shuka upande wa kichwa. Uso ulikuwa umevimba. Shangazi alipita mbele ya mwanawe mara mbili, akatikisa kichwa: "Hapana baba, huyu si wangu." Mara ya tatu akaomba afunuliwe miguu. Kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kilikuwa kifupi. Alikikata kwa jembe akiwa darasa la tatu. Shangazi akakishika kile kidole, akakaa chini. Kwenye lebo iliyofungwa mguu huo huo paliandikwa ME, neno "hajulikani" na tarehe. Alikuwa amelala pale siku tatu, na kidole kile hakikuandikwa mahali popote.

Ndiyo maana nikisikia wito wa kununua mitambo ya kuchora nyuso kwa kompyuta, huwa naanza na daftari la mochwari. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama, na wengi waliopatikana walizikwa kwa pamoja Igoma, Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, na waliokosa kutambuliwa wakazikwa kisiwani hapo hapo. Mazingira yalikuwa magumu, joto na maji havimsubiri mtu, na dini zetu zinahimiza maiti asicheleweshwe. Hakuna hata moja kati ya haya linalozuia picha ya uso kabla haujaharibika, alama za vidole, jino moja au kipande cha kucha kwenye bahasha, na namba ya kaburi inayolingana na namba ya bahasha. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu tangu 2009, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara. Mtu akizikwa hivyo, hata mtoto wake akija baada ya miaka 15, kuna pa kuanzia. Uso wa udongo ubaki kwa wale ambao tumewakuta wakiwa mifupa tayari.

Wapo pia wafu ambao uso wao unatafutwa kwa sababu nyingine. Chuo Kikuu cha Cape Town kiligundua kwamba kilikuwa kinatunza mifupa ya Wakhoi na Wasan tisa iliyopatikana miaka ya 1920 kwa njia isiyo ya kimaadili, kutoka mji wa Sutherland, Afrika Kusini. Familia zilitafutwa, na nyuso za babu na bibi zao zikajengwa na wataalamu wa Liverpool kabla ya kuzikwa upya Novemba 2023. Hapo uso haukuwa wa kuthibitisha chochote mahakamani. Watu walioandikwa kwenye rejista kama vielelezo walirudi kuwa wazee wa mtu. Kosa la milimita mbili shavuni halina uzito mkubwa hapo, mradi familia imeambiwa ukweli kuhusu kilicho mfupani na kilicho kisio la msanii, na yenyewe imeridhia.

Sisi tunalo la kwetu. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin, yenye mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, yalitangaza kwamba vinasaba vya baadhi yake vimelingana na vya watu walio hai leo Kilimanjaro.  Fuvu la Meli bado linatafutwa. Siku likipatikana, nitafurahi kuuona uso wake, lakini uje baada ya vinasaba na kwa ombi la ukoo. Ukitangulia, patatokea wajukuu wa kuuamini uso usio wa babu yao.

Nina hofu moja zaidi. Udongo una ukweli wake: ukiutazama unajua ni udongo. Programu za sasa hutoa ngozi yenye vinyweleo, jicho linalong'aa, rangi kamili, na mtazamaji husahau kwamba nusu ya sura ile imekisiwa. Mwaka 2022 polisi wa Edmonton, Kanada, walitangaza sura ya mtuhumiwa mweusi iliyotengenezwa na kompyuta kutokana na vinasaba pekee. Ndani ya siku mbili waliiondoa na kuomba radhi, maana ilimfanana kijana yeyote mweusi wa mji ule. Yule alikuwa mtuhumiwa, hakuwa marehemu, lakini kosa ni la aina moja. Mimi ningetaka nyuso za wafu zitolewe kwa rangi ya kijivu, bila nywele zisizojulikana, na kando yake kuwe na kila kitu kingine alichokutwa nacho: mshipi, hirizi, jino la dhahabu, kovu.

Binamu yangu alizikwa kijijini kwao, kaburi lina jina. Siku ile pembeni yake walilala wanaume wengine wawili. Walizikwa na halmashauri baadaye bila mtu kuja, na lebo zao nilizisoma: ME, hajulikani, tarehe.