Kupona si jina la hospitali

Mtoto wa kaka yangu alipozaliwa, tulikuwa na siku saba za kutafuta jina kabla ya akika, na mimi nilikuja na jina moja tu: Mwanakupona. Uzazi ulikuwa mgumu. Mama alipoteza damu nyingi, mtoto alichelewa kulia, na usiku ule ukumbini hakuna aliyethubutu kusema anachokifikiria. Siku ya tatu, watu wazima wamekaa, nikalitaja jina langu. Wakanyamaza kidogo. Kisha wifi yangu, bado hana nguvu, akasema kwa upole kabisa: "Wifi, hilo jina linanukia dawa."

Kaka akacheka. Mzee mmoja akaongeza kwamba yapo majina mazuri ya Kiislamu, kwa nini tuhangaike. Jina likafia hapo. Mtoto alipewa jina jingine, zuri, na ninalitamka kwa mapenzi kila siku. Lakini sentensi ile ya wifi haijanitoka, maana naamini tunalitupa jina ambalo hatujalisikiliza vizuri.

Tuanze na hilo "Mwana", kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea. Ukimuuliza mtu leo Mwanakupona maana yake nini, atakujibu haraka: mtoto wa kupona, mtoto aliyepona. Jibu linaelekea, lakini linaacha nusu ya jina. Kwa waungwana wa Lamu, Pate na Siyu, visiwani kaskazini mwa pwani ya Kenya, mwana halikuwa neno la mtoto peke yake. Lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke, kama tunavyosema Bi leo. Mwanamume aliitwa Bwana fulani, mwanamke akaitwa Mwana fulani. Pate ilitawaliwa katika karne ya 18 na malkia aitwaye Mwana Khadija, na mapokeo ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi kuwa malkia wa kale wa mji ule. Hakuna anayefikiri kwamba Mwana Khadija ni mtoto wa mtu aitwaye Khadija. Ni Khadija mwenyewe, ametajwa kwa adabu.

Ushahidi wa karibu zaidi umo midomoni mwetu. Mwanaisha ni nani? Ni Aisha, amewekewa heshima yake mbele, na heshima ikagandana na jina hadi zikawa kitu kimoja. Upande wa wanaume mambo ni yale yale: Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana na Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1880, na kina Mwinyihaji, Mwinyimvua na Mwinyikombo, ambao Mwinyi wao ni cheo kilichogeuka kuwa jina. Kwa Mwanajuma na Mwanahamisi naweza kukubali kwamba maana zote mbili zimekaa pamoja, bibi na mtoto wa siku ile. Lakini mtu akisema "Mwana Kupona" kwa desturi ya kaskazini, anasema Bi Kupona. Mtoto mchanga analala kwenye susu na tayari anaheshimiwa. Mimi sijui jina la kisasa linalofanya hivyo.

Sasa Kupona lenyewe. Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu hapa ndipo penzi langu lilipo.

Majina yetu mengi ya zamani yanasimulia mtoto alivyokuja duniani. Chausiku alikuja usiku. Mwanamvua alikuja na mvua. Shida, Tabu, Mashaka na Majuto wanabeba hali ya nyumba kwa wakati ule, na Sikudhani na Sikujua ni sentensi kamili, mtu anasema nafsini mwake kwamba hakutarajia. Katika Sikujua tunajua ni nani asiyejua: mimi. Kitenzi kina nafsi, kina wakati, kina kanusho. Kupona hakina. Hakisemi nimepona, wala amepona, wala atapona. Ni kitenzi kilichovuliwa nafsi na wakati, likabaki tendo tupu. Nani amepona? Mama? Mtoto? Wote wawili? Au baba aliyekuwa baharini wiki ile? Na je, ni shukrani kwa lililopita au dua kwa linalokuja? Jina halichagui. Linaweza kuwa yote hayo kwa pamoja, na nadhani hiyo ndiyo akili ya aliyelitoa mara ya kwanza.

Na kupona si habari ya maradhi tu. Mtu aliyekoswa na gari ameponea chupuchupu. Mtu aliyezungukwa na maadui anatafuta pona yake. Bibi yangu, habari ya uzazi ilipomfikia kwa simu, hakuuliza mwanamume au mwanamke, wala kilo ngapi. Aliuliza neno moja: "Wamepona?" Alipoambiwa ndiyo, wamepona wote, akashusha pumzi kwa sauti, ukasikia mpaka huku tulipo. Kwa Kiswahili chake, kuzaa salama ni kupona. Ndiyo maana nasema hospitali haina haki ya kulichukua neno hili peke yake.

Neno ni la kale pia, ni letu toka shina. Mkikuyu anasema hona, Mganda anasema wona, na Mshona ana pora, ambalo kwake lina maana ya kupona na ya kupoa pia. Kupona na kupoa hukaribiana: homa inashuka, mwili unapoa, mtu anapona. Ukimwambia mtu wa bara kwamba mtoto anaitwa Kupona, huhitaji kumtafsiria.

Tofauti yake na Shifaa, jina la Kiarabu lenye maana ya karibu, nayo inanivutia. Mzee aliyetaka jina la Kiislamu hakuwa na kosa la kutaka hivyo, ila nadhani alisahau kwamba dini imetutaka tuwape watoto majina yenye maana njema, haikutaka kila jina liwe la Kiarabu. Na maana hii hasa ina mwenzake wa heshima katika Uislamu. Ash-Shifa binti Abdullah alikuwa sahaba wa kike aliyejua kusoma na kuandika wakati ambapo wachache sana Makka walijua, na anakumbukwa kwa kumfundisha Hafsa, mke wa Mtume, kuandika. Jina lake ni dawa, ni tiba. Shifaa inatazama kutoka upande wa kinachoponya, Kupona inatazama kutoka upande wa anayepona. Wawili hawa wangekaa vizuri kwenye nyumba moja, dada mkubwa na dada mdogo.

Mwenye jina anayejulikana ni mmoja, na umaarufu wake, nadhani, ndio uliolizika jina. Mwana Kupona binti Mshamu aliishi Pate na Siyu katika karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu ambaye kwa miaka mingi alikataa kuinamia majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Unguja. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa nasaha, na miaka michache baadaye akafariki. Kipande kirefu cha mwisho cha utenzi ule ni dua, na ndani yake anamwomba Mungu amwondolee maradhi. Fikiri: mwanamke ambaye tangu utotoni anaitwa Kupona, amelala, anaomba kupona. Kila nikifika hapo nafunga kitabu kwa muda.

Lakini wanafunzi hawakumbuki hilo. Wanakumbuka beti za mke kumtii mume, kumhudumia na kumridhisha, kwa sababu ndizo zinazoulizwa kwenye mtihani na ndizo zinazobishaniwa. Hivyo jina limegeuka kuwa alama ya upande fulani wa ubishi. Dada mmoja msomi niliyemweleza habari hii aliniambia waziwazi kwamba hawezi kumpa binti yake jina la "mke mtiifu". Ninaielewa hofu yake na siidharau. Ila jina halikuzaliwa na utenzi. Waliompa Mwana Kupona jina hili walilitoa miongo mingi kabla ya ubeti wa kwanza, na wala hawakuwa wakiwaza utenzi wa ndoa. Na hata tukimtazama mwenyewe, huyu ni mwanamke aliyeshika kalamu, akapanga vina, akaacha wosia kwa jina lake, katika zama za vita. Kwangu, huo ni urithi wa kutosha kumwachia binti.

Kwa hiyo leo jina linajulikana sana na kubebwa na wachache mno. Msomi yeyote wa fasihi ya Kiswahili analijua. Ila mwite "Mwanakupona!" uwanjani mwa shule yenye watoto elfu, na nina shaka kama atageuka hata mmoja. Mwanaisha na Mwanahamisi wangali wapo, ingawa nao naona wanapungua. Mwanakupona amebaki kwenye rafu.

Sehemu ya lawama ni ya karatasi. Enzi za maandishi ya Kiarabu jina lilikuwa na tabu yake: alfabeti ile haina p, na waandishi wengi wa pwani waliandika b mahali pake, hivyo karani aliandika Kubona na msomaji akatakiwa ajue kuwa ni Kupona. Ajabu ni kwamba walijua. Leo tuna p, na tabu imehamia kwenye visanduku vya fomu. Shangazi yangu ana jina linaloanza na Mwana. Katika ofisi moja, karani alilikata katikati: Mwana kwenye kisanduku cha jina la kwanza, salio kwenye cha jina la kati, na jina la babu likakosa pa kukaa. Shangazi alirudi mara tatu kusahihisha. Mara ya tatu aliambiwa ni rahisi zaidi yeye abadilishe jina kuliko mtambo ubadilishe rekodi. Alisimama pale na cheti chake cha kuzaliwa mkononi, kilichokunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka, akamwonyesha karani kwa kidole: neno moja, herufi zote zimeshikana. Karani hakukitazama.

Ndiyo maana nashauri liandikwe kwa neno moja, Mwanakupona, hata kama vitabu vinaandika mawili. Heshima ikishikana na jina haikatiki kirahisi. Nyumbani aitwe Kupona, au Mwana, au vyovyote mtoto atakavyojipachika mwenyewe, maana nao wana maoni yao. Na mtu asiogope kwamba litamvutia mtoto maradhi. Hatujawahi kuogopa kumwita mtoto Salama kwa hofu ya hatari, wala Faraja kwa hofu ya huzuni.

Wifi yangu ni mjamzito tena. Juzi alinipigia simu usiku, mazungumzo ya kawaida tu, miguu inavimba, usingizi hauji. Kabla hajakata akauliza, kama mtu aliyeokota kitu sakafuni: "Lile jina lako la dawa, linaandikwaje?" Nikamtajia herufi moja moja.