Kwani anayekupenda hawezi kukufokea?

Kuna watu wanaamini anayekupenda kweli hawezi kukukasirikia, ukiona mtu anakufokea jua mapenzi yalishaisha zamani. Afu wapo wa upande wa pili, hao wanakwambia anayekukasirikia ndo anayekujali, asiyekupenda hata hasira na wewe hana, anakuangalia tu upotee. Mi naona wote wana pointi na wote wanaruka ishu moja kubwa, ntaifikia.

Nikiwa kijana niliwahi kuchelewa kurudi nyumbani, simu imezima chaji, nafika saa nane usiku nakuta mama kasimama mlangoni. Alifoka mpaka majirani wakaamka, afu katikati ya kufoka akaanza kulia. Usiku ule niliona kanidhalilisha, yaani nilinuna siku mbili, baadaye sana ndo nikaelewa mama alikuwa anaogopa toka saa tatu, na ule woga wote ukatokea mdomoni aliponiona mzima. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza aliyechunguza sana jinsi mtoto na mzazi wanavyoshikamana, mwaka 1973 aliandika kuhusu hasira za namna hii, akatofautisha hasira yenye matumaini na hasira ya kukata tamaa. Ya kwanza inamvuta mtu arudi, inasema usinifanyie tena hivi maana nakuhitaji, ya pili ishageuka chuki na kila ikitoka inamsukuma yule mtu mbali zaidi. Kwa jirani anayesikia kelele ukutani zote ni sawa tu, lakini anayefokewa mara nyingi anajua ni ipi.

Kwenye ndoa nako kuna kitu kilinishangaza. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, John Gottman na Lowell Krokoff, walitoa utafiti wa wanandoa waliowafuatilia miaka 3, wakakuta kugombana na kuonyesha hasira kunawanyima watu raha pale pale, sawa, ila si ndo kulikoharibu ndoa huko mbele. Kilichoharibu ni kujitetea kwa kila kitu, ukaidi, na kujitoa kwenye mazungumzo. Baadaye Gottman akaja kusema sumu kuliko zote ni dharau. Hapo sibishi hata kidogo. Mtu anayekubetulia midomo ukiongea, au anayekuchunia wiki nzima mnapishana koridoni kama wapangaji, huyo hajapandisha sauti hata siku moja na ataenda kuwaambia watu yeye mpole.

Lakini tusiishie hapo tukashangilia, maana wanaoipinga hasira nao wana hoja nzito. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, alimwandikia kaka yake Novatus kwamba hasira haifai hata kidogo, si kwa kipimo wala kwa sababu nzuri. Akajiuliza, je baba yako akiwa anauawa mbele ya macho yako usikasirike? Akajibu utamlinda kwa sababu ni wajibu wako, hasira haina cha kukuongezea. Nikimsoma naona kama ameongeza chumvi kidogo, ila ukiangalia ni maamuzi mangapi ya familia yamefanywa na mtu aliyepandwa na jazba na mangapi ilibidi yaje kuombewa msamaha, unapunguza ubishi. Wazee walishasema hasira hasara, na vitabu vya dini navyo havijaiacha izurure, Waefeso 4:26 inairuhusu halafu inaiwekea saa, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka.

Afu kuna hili la "nikifoka natoa sumu, nikimaliza niko poa". Mwaka 2002 Brad Bushman, mtafiti wa saikolojia wa Marekani, alilijaribu kwa wanafunzi wa chuo kama 600, wakaudhiwa makusudi, wengine wakapewa mfuko wa mazoezi waupige ngumi huku wanamfikiria aliyewaudhi. Hao ndo wakatoka na hasira zaidi, waliokaa tu bila kufanya kitu wakatulia kuliko wao. Kwa hiyo anayesema anatoa sumu anaipika upya.

Sasa ile ishu niliyosema. Hasira za nyumbani zinateremka kama maji, baba kwa mama, mama kwa mtoto mkubwa, mkubwa kwa mdogo, mdogo kwa paka. Mtu anabwata sebuleni vitu vinatetemeka, simu inaita, ni bosi, sauti inageuka asali hapo hapo, "ndiyo bosi, hamna shida bosi", akikata simu anaendelea alipoishia. Huyu ndo anayekwambia mi nikikasirika sijielewi! Anajielewa vizuri sana bana, amechagua tu pa kumwagia, na amechagua kwa wanaompenda kwa sababu anajua hawaendi popote. Ndo maana wale wanaosema hasira ni sehemu ya upendo siwakatai, ila huwa natazama kwanza anayesema hivyo amekaa wapi kwenye hiyo nyumba, mara nyingi ni yule ambaye hakuna wa kumfokea. Na ikifika kwenye kipigo, au vitisho, au watu kunyata wakisikia mlango unafunguliwa, hapo hatuongelei tena hasira, hiyo ni kutawala watu kwa hofu na mapenzi yasitumike kuifunika.

Kwangu kipimo si nani anafoka sana. Ni mtoto akisema "baba, jana ulinikasirisha" anajibiwa nini. Nyumba nyingi jibu ni "unaongea na nani hivyo?", na hapo hapo baba mwenyewe ametoka kumfokea dakika kumi kwa sababu anampenda.