Inanusa Tu, Bosi

Dada wa sheli ya pale Mbezi haniiti kwa jina langu. Ananiita Baba Kumi. Watoto ninao wawili na wananitosha. Hiyo kumi ni elfu kumi ya mafuta. Kila alfajiri nilikuwa nasimama mbele ya pampu yake, nashusha kioo robo, nanong'ona, "Weka ya kumi." Jioni nikirudi naingia sheli ya upande wa pili wa barabara ili asinione, nanong'ona tena, "Weka ya kumi." Kumbe wale watu wanahamishana vituo. Jioni moja nikamkuta yeye yule, upande ule. Hakusema kitu. Alicheka kwa pua tu.

Nilikuwa na sedani ya silinda sita. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu aliyelinunua tunaimba naye kwaya moja na bado ananisalimia. Gari zuri, sikatai. Viti vya ngozi, kisaa cha mishale katikati ya dashibodi, ukiliwasha linaunguruma kama mtu aliyeshiba. Na kweli lilikuwa limeshiba. Mwenye njaa nilikuwa mimi. Kutoka Mbezi Luis hadi Posta na kurudi ni kama kilomita 45, na kwa foleni ya Kimara lile gari lilikuwa linakwenda kilomita sita kwa lita, tena siku ambayo halijaamka vibaya. Lita saba na nusu kila siku, kwenda kukaa ofisini. Taa ya mafuta haikuwahi kuzima hadi mwanangu mdogo akadhani ni pambo. Mwezi uliotoka malimbikizo nilijaza tenki, taa ikazima, mtoto akaangua kilio: "Baba, gari limekufa!"

Na usisahau hii Jumatano ya kwanza ya mwezi. Watu wengine wanajua tarehe za kuzaliwa za wake zao. Mimi najua lini EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wanatoa bei kikomo za mafuta. Jumanne usiku silali. Nakumbuka Agosti 2022 petroli Dar ilipofika shilingi 3,410, nilikaa ndani ya gari nikiwa nimelizima, nimeshika usukani, nageuza kushoto na kulia. Nilikuwa naendesha bure.

Mama Zawadi akasema, "Baba Zawadi, si ununue gari kama la watu?" Gari la watu ni IST. Sina ugomvi na IST. Toyota walilitoa 2002, kuna la injini ya 1,300 na la 1,500, spea zake utadhani zinauzwa hadi genge la nyanya, na fundi yeyote analifungua huku anaongea na simu. Tatizo lake ni moja tu: ukitoka sokoni unafungua mlango wa mwenzio, unaweka mchicha kwenye kiti, ndipo unashangaa nani kakubadilishia rozari.

Ila mimi nina miaka 44. Mpira nimeuacha kwa ajili ya goti. Chumvi nimeiacha kwa ajili ya daktari. Bia nimeiacha kwa ajili ya mama mkwe, maana jumba lake linatazamana na baa. Raha iliyobaki ni moja: nikikanyaga, kitu kiitikie. Siombi mbio, Dar hii mbio utakimbilia wapi? Naomba gari likiingia kwenye kona liingie kama samaki, lisiingie kama kabati linalohamishwa.

"Raha na akiba ya mafuta havikai tenki moja," akasema Mama Zawadi, akarudi kukuna nazi. Akauma neno, nikaona, ila sikuuliza.

Nikaenda yadi. Dalali akanipokea na mafungu ya funguo kiunoni kama askari magereza.

"Hili linakulaje mafuta?"

"Hili? Inanusa tu, bosi."

Nikaonyesha la pili. Linanusa. La tatu, linanusa. Nikaona pembeni kuna dude la silinda nane, refu kama nyumba ya mwalimu, nikasema huyu leo namkamata. "Na lile?"

Akalitazama. Akanitazama. "Lile nalo, bosi, ukiliendesha kwa ustaarabu, linanusa."

Linanusa nini, kisima? Halafu akaniinamisha nyuma ya buti, akaweka kidole kwenye maandishi ya VVT-i taratibu kama anayeonyesha cheti cha ndoa. Ndugu yangu, hicho kidude cha kurekebisha muda wa valvu kimefungwa kwenye Toyota chungu nzima jijini, zinazonusa na zinazogugumia. Hayo maandishi hayana ushahidi wowote. Ni sawa na mtu kukwambia usimwogope mbwa wake kwa kuwa ana jina.

Kwenye kijiwe cha kahawa ndiyo usiseme. Mwanamume wa Kiswahili atakutajia mshahara wake wa kweli, atakuonyesha kidonda, lakini ukimuuliza lita moja inampeleka kilomita ngapi, hapo ndipo utajua ana kipaji. Mmoja akasema kumi na nane. Nikambana: alipimaje? Alipima akiteremka kutoka Lushoto. Wa pili akasema ishirini. Geji yake ina miaka miwili haijasogea, na yeye kaichukulia kama baraka. Wa tatu, mtu mzima, haji wa kweli, akasema gari lake anaweka ya elfu ishirini anatembelea wiki nzima. Baadaye nikajua mkewe naye anaweka ya elfu ishirini, kila siku, kimyakimya, kulinda heshima ya nyumba.

Nikasema basi nitawaamini Wajapani, watu hawa hawana mbwembwe. Kijana wa ofisini anayeagiza magari akanifungulia maelezo ya gari dogo moja: kilomita 20 na ushee kwa lita. Nikapiga meza. Kijana akasema, "Mzee, subiri. Hiyo ni 10-15." Nikadhani ni bei. Kumbe ndilo jina la kipimo chao cha zamani. Gari wanalipandisha juu ya magurudumu ya chuma, ndani ya chumba, linazungusha tairi huku limesimama. Sekunde 660, yaani dakika kumi na moja. Umbali, kilomita 4.16. Mwendo mkubwa kabisa, 70. Wastani, 22.7 kwa saa. Kiyoyozi kimezimwa.

Dakika kumi na moja! Mimi dakika kumi na moja sijavuka Kimara Korogwe. Hilo gari lao halina gunia la mkaa, halina mama mkwe anayesema kiyoyozi kinamuumiza kifua halafu anafungua kioo huku kiyoyozi kinaendelea. Halina trafiki anayesimamisha upande wenu mpaka injini inasahau ilikuwa inafanya nini. Na injini ndogo ikisimama hivyo inanguruma na kiyoyozi juu, kwa saa nzima inaweza kumaliza karibu lita bila kusogea hatua. Hiyo ni kilomita sifuri kwa lita, dalali hakuitaja. Wajapani wenyewe waliona aibu, wakaleta kipimo cha JC08, baadaye WLTC, na kila kipimo kipya kikija, namba za magari zinashuka. Gari ni lile lile. Uongo ndio umepunguzwa dozi.

Aliyeniokoa ni fundi wangu wa Tabata, mtu asiyecheka. Akasema, "Mzee, unauliza cc, ukubwa wa injini. Uliza kilo." Gari likiwa jepesi, akasema, halihitaji injini kubwa kulisukuma, halafu hapo hapo ndipo linapokuwa tamu kwenye kona. Vitu viwili, dawa moja. Na ukitaka kuonja utamu wa injini ndogo, chukua la manyuo, gia unabadilisha mwenyewe. Akaniuliza kama mteremkoni huwa naweka gia huru. Nikamwambia kwa fahari, naam, kuokoa mafuta. Akanitazama kama daktari anayetazama picha ya mapafu. Kumbe injini hizi za nozeli ukiacha gia ndani na kuondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, zinakata mafuta kabisa. Ukiweka huru ndiyo zinaendelea kunywa ili zisizime. Miaka kumi na miwili nimeteremka huru, nikitabasamu.

Akanitajia magari mawili matatu: Vitz RS ya 1,500, Honda Fit ya 1,500, na Suzuki Swift Sport ya 1,600. Hilo la mwisho ndilo lililonipata. Kilo elfu moja na sitini hivi, nguvu farasi 125, na nguvu yenyewe inakamilika injini ikifika mizunguko 6,800, maana yake ili uipate yote lazima uikere kwanza. Kuagiza nikapiga hesabu nikaiacha: gari lililozidi miaka kumi lina ile asilimia 30 ya uchakavu juu ya ushuru mwingine, sasa nilipie uzee wa gari wakati wangu mwenyewe nalipia kwa dawa? Nikapata la mtu, namba D, la mwaka 2008, gia tano za manyuo. Bei ikakubalika.

Kulikuwa na kasoro moja. La manjano.

Mimi ni Simba. Baba yangu Simba, mwanangu kazaliwa siku ya dabi. Niliposhuka kijiweni na gari la manjano, watu walisimama. Haji akavua kofia akaishika kifuani. Mtu mmoja, wa Yanga, akaja kunikumbatia, akasema milango ilikuwa wazi siku zote. Nikawaambia ni rangi ya kiwandani. Hakuna aliyenisikia.

Na ndani kuna dada. Kila nikiwasha gari, dada wa Kijapani ananisemesha, sentensi ndefu, ya adabu, yenye masikitiko. Wiki mbili namjibu asante. Kijana wa ofisini akanitafsiria: anasema kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Kumbe nadaiwa barabara za Japani kila asubuhi nikiwa Mbezi Luis. Redio nayo inaishia 90, kama zilivyo za kwao, kwa hiyo kati ya stesheni zote za Dar nazipata mbili na mkwaruzo.

Lakini utamu, wee! Siku ya kwanza natoka Kibaha, kona ya kawaida tu, nikashusha gia kutoka ya nne kwenda ya tatu, kakageuka kabla sijamaliza kukusudia. Nilicheka peke yangu. Nikarudi nyuma nikaipiga tena ile kona. Mama anayeuza mahindi pale akanihesabia mara nne.

Kuhusu mafuta nikaapa sitasema uongo. Nikanunua daftari. Unajaza mpaka bomba lenyewe likate, unaandika kilomita, unatembea, unajaza tena mpaka likate, unagawanya. Hakuna kunusa. Foleni ya kwenda Posta: kilomita 9.4 kwa lita, na mguu wa kushoto ambao kwa klachi sasa umenenepa kuliko wa kulia. Dar hadi Morogoro, karibu kilomita 200, kwa ustaarabu: 15 na kidogo. Safari hiyo nilizima kiyoyozi ili namba ipendeze. Mama Zawadi alishuka Msamvu ameloa kama aliyebatizwa, akaniambia neno moja la Kihehe ambalo mpaka leo hajanitafsiria. Kijiweni nikawasomea: tisa nukta nne. Wakanionea huruma. Haji akasema, "Pole, wamekuuzia bovu." Wao wote wako kumi na nane kwenda juu.

Sasa hapa ndipo nisipopaelewa. Zamani lita saba na nusu kwa siku. Leo chini ya tano. Lakini mwisho wa mwezi nikijumlisha daftari, hela ni ile ile. Nikamshuku dada wa sheli, nikashuku pampu, nikashuku hata daftari. Kisha nikasoma safu ya mwisho, ile ya "Sababu ya safari". Mkate, Kibaha. Mbezi kuna maduka tisa ya mkate. Mazishi, Chalinze, marehemu simjui, wafiwa siwajui, nililia vizuri tu. Kumpeleka mama mkwe Bagamoyo kuona bahari. Mama mkwe anakaa Kunduchi. Kupima upepo wa tairi, Mlandizi. Na kuna shilingi 30,000 za tochi niliyokutana nayo kwenye kibao cha 50, nimeziandika kwenye safu ya mafuta, kwa sababu sikuona pengine pa kuziandika.

Nikaamua kujirekebisha. Jumamosi iliyopita nikasema leo gari halitoki. Nikalala mchana. Kuamka, uwani hakuna gari. Nikakimbia nje na msuli. Zawadi akasema, "Mama kaenda kununua vitunguu."

Mama Zawadi? La manyuo? Ndipo nikakumbuka lile neno aliloliuma kwenye mbuzi ya nazi. Huyu mwanamke kakulia Iringa, baba yake alikuwa na pikapu ya kubebea mbao. Kumbe alianza kuipandisha mlima Kitonga akiwa na miaka kumi na saba, imejaa, na miaka yote hii ya ndoa ananitazama kimya nikikwaruza gia.

Alirudi magharibi. Akashusha kifuko cha vitunguu, kilo moja. Mashavu yanang'aa. Nikafungua daftari, kuna mstari kwa mwandiko usio wangu: "Vitunguu, Mlandizi. Km 64."

"Mlandizi, Mama Zawadi? Vitunguu?"

"Vya kule vikavu."

"Na mafuta?"

"Nimepita kwa yule dada wa sheli, nikamwambia aweke ya kumi." Akavua kanga ya begani, akaikunja polepole. "Akaniuliza kama mimi ndiye Mama Kumi."