Msiidharau Solfa ya Mwalimu Wetu

Alhamisi iliyopita mazoezini, kijana mmoja aliyetoka kusomea muziki alimwambia mwalimu wetu wa kwaya, mbele ya sauti zote nne, kwamba solfa, yaani nota zinazoandikwa kwa herufi za do, re, mi, ni nota za watu wasiosoma. Mzee alinyamaza, akakunja karatasi zake. Hasira haijanitoka mpaka leo.

Maana aliyezieneza nota hizi alikusudia watu haohao. John Curwen alikuwa mchungaji Uingereza, na nota za mistari, zile za vidoa juu ya mistari mitano, zilimsumbua yeye mwenyewe. Mwaka 1841 mkutano wa walimu wa shule za Jumapili mjini Hull ulimpa kazi ya kutafuta njia rahisi ya kufundisha kuimba. Njia aliikuta kwa Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, aliyekuwa ametoa kitabu chake mwaka 1835. Wazo ni la mama huyo, na Curwen alilibadilisha kwa namna ambayo haikumpendeza. Hapo simtetei.

Lakini tazama kazi yake ya uchapaji. Nota za mistari zilidai mabamba ya kuchongwa au herufi maalumu, pamoja na mafundi wake na gharama zake. Solfa ni d, r, m, nukta na vistari, alama zilezile zinazochapa gazeti! Wimbo wa sauti nne ukaingia kwenye karatasi ambayo mfanyakazi wa kiwandani aliweza kuinunua. Curwen alianzisha jarida mwaka 1851, akafungua kiwanda chake cha uchapaji Plaistow, mashariki ya London, mwaka 1863, mwishowe akaacha uchungaji ashike kazi hii. Wamisionari wakazibeba nota hizo hadi Afrika.

Haya, mpiga kinanda anahitaji mistari, na wimbo unaohamisha do, yaani noti ya msingi, kila mara huchosha kwa solfa. Nakubali.

Ila mama yangu aliishia darasa la nne. Solfa alifundishwa chini ya mwembe, mwalimu akiandika ubaoni, wao wakinakili kwenye madaftari. Ukimpa karatasi asiyowahi kuiona, ataanza taratibu, so, so, la, so, na mara sauti yake yote ya alto imetoka, haina kasoro. Huyo ndiye mtu asiyesoma?

Kijana, mwombe mzee radhi. Alhamisi hii analeta wimbo mpya. Mimi nitawahi nimsaidie kuuandika ubaoni.