Bao la Kujifunga, Inchi 43

Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza hurudisha saa zao nyuma, na wanaoumia ni sisi wa Tandika. Mechi ya Jumamosi jioni iliyokuwa ikianza saa moja na nusu usiku husogea hadi saa mbili na nusu. Watu wa banda umiza, kibanda chetu cha kutazamia mpira kwa kiingilio, hawana habari na saa za London. Saa moja wameshafika, wameshatoa 500 zao, wamekaa. Mwenye banda akanipa kazi ya kuziba lile pengo: kila Jumamosi nilete vioja vya wiki, vya michezo na vya wasanii, nilivyookota mtandaoni. Malipo ni kuingia bure na soda moja.

Kazi ndogo, lakini ina masharti yake. Vioja vitano vinatosha, na kimoja kisizidi dakika 3, maana ikifika ya 4 watu wanaanza kuulizana kikosi cha leo. Kabla ya kukipeleka, ukiulize kila kioja kilitokea lini. Video nyingi za "jana" zina miaka kadhaa, tena wajanja wamezigeuza kushoto kuwa kulia ili mitambo isizitambue. Ukiona namba za jezi zimesomeka kinyumenyume, achana nayo. Ukiwa na shaka, piga picha ya skrini uitafute kwa picha, utaona ilianza kuzunguka lini.

Ila usitupe kitu kwa sababu tu kinanuka uongo. Mechi ya 149 kwa 0 ipo. Ni Madagascar, tarehe 31 Oktoba 2002: SO l'Emyrne walikuwa na hasira na uamuzi wa refa katika mechi iliyotangulia, wakaja uwanjani wakajifunga mara 149, AS Adema wamesimama wanawatazama. Mtu wa hesabu atakuuliza inawezekanaje, bao moja kila sekunde 36. Inawezekana kwa sababu aliyefungwa ndiye anayeanza mpira. Wanaanza, wanarudisha nyuma, wanajifunga, wanauweka tena kati. Kocha wao alifungiwa miaka 3.

Basi wiki ile nikaamua iwe ya kujifunga tupu. Katikati nikachomeka kioja cha msanii, Freddie Mercury kuzaliwa Unguja mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, kwa sababu hicho kina ubishi wake wa uhakika wa dakika 2 na mimi napata nafasi ya kunywa soda.

Kosa lilikuwa kwenye vifaa. Siku zote natumia flashi, na video naziweka katika mfumo wa H.264, ambao hata TV ya zamani inausoma. Safari hii simu ilikuwa imezihifadhi kwa H.265, mfumo mpya zaidi. TV ya banda, inchi 43 na umri wake mkubwa, ikatoa sauti tupu huku kioo kikiwa cheusi. Dawa ni kuzigeuza video kwa programu, dakika kadhaa kwa kila moja, na watu walishaanza kupiga miluzi. Nikachukua njia ya mkato: nikarusha skrini ya simu kwenye TV.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Kuna kutuma video peke yake kwenda kwenye TV, simu ikabaki na siri zake. Na kuna kurusha skrini nzima, ambako lolote linalochomoza kwenye simu linachomoza na kwenye TV. Ukirusha skrini, kwanza washa "Usisumbue". Mimi sikuwasha.

Jambo jingine: mstari wa mbele, kiti cha katikati, alikaa baba mwenye nyumba wangu. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimemwambia, "Shikamoo mzee. Hali bado tete, tuvumiliane mpaka mwezi ujao."

Nikafika kwenye kioja kikubwa. Barbados na Grenada, 27 Januari 1994, kufuzu Kombe la Karibea. Barbados lazima washinde kwa tofauti ya mabao 2. Waandaaji nao walikuwa wameweka sheria ya ajabu: bao la dhahabu, yaani lile la kwanza kwenye muda wa nyongeza ambalo humaliza mechi papo hapo, linahesabiwa mawili. Barbados wanaongoza 2 kwa 0, dakika ya 83 Grenada wanarudisha moja. Sasa kufunga la tatu ni kazi, muda hakuna. Dakika ya 87 beki na kipa wa Barbados wanapasiana, halafu beki anautia mpira wavuni mwao kwa makusudi. 2 kwa 2, twende nyongeza, huko bao moja ni mawili.

Banda likalipuka. Wengine wakataka nirudie. Nikawapanga kwa vikombe vya kahawa: Grenada nao wakashtuka kwamba wakifungwa 3 kwa 2 wanapita, wakishinda 3 kwa 2 wanapita, kwa hiyo goli lolote kwao ni halali. Dakika za mwisho Barbados wakawa wanalinda magoli yote mawili, la kwao na la wapinzani. Nikasema, "Haya, tazameni tena anavyojifunga," nikabonyeza.

Beki akaugusa mpira, na juu yake ukashuka utepe mweupe:

"Imethibitishwa. Umepokea Tsh 250,000."

Nikautelezesha haraka. Lakini skrini inayorushwa bila waya huchelewa kama sekunde moja. Kwenye simu ujumbe ulishaondoka, kwenye TV bado upo, nami nikadhani haujaondoka, nikagusa tena. Mguso wa pili ukaangukia utepe uliofuata, wa dada yangu, ukafunguka wote, kwa herufi kubwa ninazotumia kwa ajili ya macho yangu:

"Mdogo wangu, hiyo ni ya kodi. Usije ukanunua viatu tena."

Waliojua kusoma wakawasomea waliokaa mbali. Mmoja akainama kutazama miguu yangu. Nikachomoa waya wa umeme wa TV, ukimya ukawa mbaya zaidi kuliko ujumbe.

Baba mwenye nyumba hakugeuka. Akakunywa kahawa yake, akaweka kikombe chini.

"Kijana wangu, hilo bao la dhahabu ulisema linahesabiwa mangapi?"

"Mawili, mzee."

"Basi hiyo miezi 3 unayodaiwa, nilipe 6."

Barbados walipata bao lao kwenye nyongeza, 4 kwa 2, lakini hakuna aliyenisikiliza nikilisema. Mapumziko ya mechi nilikwenda kwa wakala wa kona, nikatoa 240,000, na makato yakala sehemu kubwa ya kile kilichobaki. Tukamaliza kwa miezi 3, muda wa kawaida, bila nyongeza.

Jumamosi iliyofuata alifika kabla ya watu wote, akashika kiti chake cha mbele.

"Leo unatumia simu au flashi?"

"Flashi, mzee."

"Aah," akasema, akahamia nyuma karibu na feni.