Nani Ahakiki Dozi ya Mionzi Kabla Haijamfikia Mgonjwa?

Hapa Dodoma, mazungumzo kuhusu tiba ya saratani huishia mara nyingi kwenye mashine ya mionzi: itafika lini, na itawapunguziaje wagonjwa wa Kongwa, Mpwapwa na Manyoni safari ndefu ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Ni swali la haki kabisa. Lakini lipo jingine lisilosikika sana, nalo ni hili: mpango wa dozi, yaani hesabu ya mionzi kiasi gani ielekezwe wapi mwilini, unapotoka kwenye kompyuta, nani anathibitisha kwamba mgonjwa atapata kile kilichoandikwa? Kwa kawaida inatakiwa dozi inayofika kwenye uvimbe isitofautiane na iliyokusudiwa kwa zaidi ya asilimia 5 hivi, kwa kuwa ikipungua saratani hubaki, na ikizidi huumia kibofu, utumbo au uti wa mgongo.

Wapo wataalamu wa fizikia tiba wanaoshikilia kwamba kila mpango mgumu upimwe kwanza kwenye mashine yenyewe, bila mgonjwa, kwa kuelekeza miale kwenye fantomu, yaani kifaa kinachowekwa mahali pa mwili wa mgonjwa, chenye vipimio vya mionzi ndani yake. Mwongozo uliotolewa nchini Marekani mwaka 2018 unapendekeza angalau asilimia 95 ya nukta zilizopimwa zilingane na mpango, kwa tofauti isiyozidi asilimia 3 ya dozi au milimita 2 za umbali. Nguvu ya njia hii ni kwamba inaigusa mashine jinsi ilivyo siku hiyo. Hata hivyo, alama ya kufaulu inaweza kudanganya, kwa maana utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionesha kuwa asilimia hiyo ya ulinganifu haitabiri vizuri makosa ya dozi yenye madhara kwa mgonjwa. Nukta chache zilizokosea zinaweza kuwa ndizo zilizo juu ya uti wa mgongo.

Kuna pia gharama ya muda, ambayo kwetu ni nzito. Mashine inayopima fantomu haitibu mtu. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake nchini, haivumilii ucheleweshaji: tafiti kadhaa zimekadiria kwamba tiba ikivuka takriban wiki 8 tangu ianze, uwezekano wa kuidhibiti hupungua kwa karibu asilimia moja kila siku inayoongezeka. Kwa hiyo anayedai kila mpango upimwe, hata ule mwepesi wa miale miwili inayokabiliana, anapaswa kueleza ni mgonjwa gani atakayesubiri.

Upande wa pili unapendekeza dozi ikokotolewe upya kwa programu nyingine, au hata kwa mkono, kazi ya dakika chache tu. Panama inawapa hoja. Huko, mwaka 2000 na 2001, wagonjwa 28 walizidishiwa dozi baada ya taarifa za vizuizi vya miale, vinavyokinga sehemu zenye afya, kuingizwa kwenye kompyuta kwa namna ambayo programu haikuitafsiri sawasawa. Hesabu ya mkono ingeonesha mara moja kwamba muda wa tiba ulikuwa mrefu kupita kiasi.

Lakini hesabu hurithi kosa la namba inayopewa. San José, Costa Rica, mwaka 1996, baada ya kubadilishwa chanzo cha kobalti, yaani madini yanayotoa mionzi ndani ya mashine, usomaji wa muda wa dakika 0.3, yaani sekunde 18, ulichukuliwa kuwa sekunde 30. Nguvu ya mashine, yaani dozi inayotoa kwa dakika, ikaandikwa ndogo kuliko ilivyokuwa, muda wa tiba ukarefushwa, na wagonjwa 115 wakapata dozi iliyozidi kwa zaidi ya nusu. Programu yoyote iliyolishwa namba hiyo ingeupitisha kila mpango. Kisa hiki kinanitia uchungu kwa sababu kilichohitajika ni mtu wa pili kupima upya, kwa kifaa chake mwenyewe.

Ndiyo maana naelemea upande wa ukokotoaji kwa mipango myepesi, na upimaji kwa ile ambayo mashine hubadili umbo la miale wakati wa kutibu, ila kwa sharti moja nisilokubali lilegezwe: nguvu ya mashine ithibitishwe na watu wa nje. Njia ipo. Tangu mwaka 1969 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, limekuwa likituma kwa posta vipimio vidogo ambavyo hospitali huvipiga mionzi na kuvirudisha visomwe. Kwa kituo chochote kitakachohudumia Kanda ya Kati, matokeo ya kipimo hicho yawe mezani kabla mgonjwa wa kwanza hajalazwa kwenye kitanda cha tiba.